Watani wa Alhamisi

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na paa la Kidato cha Nne linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Wanafunzi wamesogeza madawati bila kuambiwa. Mimi nilistaafu mwaka 2021, lakini Mwalimu Mathias, mkuu wa shule, ameniomba tena nije kujitolea kwa kuwa mwalimu wa historia hajapatikana. Nimekubali. Nyumbani Ng'ambo, hapa Tabora, nina vitabu, redio, na jirani yangu Sabiri, fundi bati, anayegonga ndoo na majiko kutwa nzima. Afadhali kelele za shule, zina kengele ya kuzinyamazisha.

Alhamisi, 16 Januari

Leo tumekutana na watu wa Pwani, mara ya kwanza tangu likizo.

Mwalimu Adinani sijawahi kumwona kwa macho. Nilimpata miaka mitatu iliyopita katika kundi la mtandaoni la walimu wa historia, watu zaidi ya mia mbili, wanaotumiana nukuu, mitihani ya zamani na malalamiko. Niliomba ramani nzuri ya njia ya misafara. Wengi wakanitumia ileile ya kitabu cha kiada, ile yenye mshale mmoja kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kana kwamba watu walikuwa wakiruka. Adinani akaandika: "Ya nini kuomba ramani, dada? Wewe uko katikati ya njia, mimi niko mwisho wake. Tuichore wenyewe."

Tukaichora. Shirika moja la Dar es Salaam lina jukwaa la masomo mtandaoni. Mratibu wake, Martha, akatupa nafasi. Kila Alhamisi, vipindi viwili, ramani inamulikwa ukutani mwa maktaba kwa projekta. Darasa langu linabandika vituo vya huku, na darasa la Adinani vya kwao: picha ya kisima, sauti ya bibi akieleza wimbo wa wapagazi, jina la mto ambalo kitabu kimelikosea. Pembeni pana uwanja wa maongezi. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, hivyo wanaandika kwa zamu kwenye kompyuta za maktaba. Walimu wa lile kundi kubwa wanaweza kuingia na kutazama.

Darasa la Adinani ni karibu Wazaramo watupu. Langu ni Wanyamwezi kwa wingi. Leo projekta ilipowaka tu, ujumbe wao ulikuwa umekwisha kufika:

"Wapagazi, mmefika? Au bado mmelala Manyoni na mizigo ya watu?"

Zuwena, binti wa jirani yangu Sabiri, akakimbilia kompyuta. "Tumefika zamani. Tumewakuta mmelala, tukaona tusiwaamshe, mtachoka."

"Binti huyo akija huku nitamfunga kwenye mnazi," akaandika Adinani mwenyewe.

"Mnazi upi, babu? Mmeshaukata mkapikia chapati."

Darasa zima lilipiga meza.

Mwaka wa kwanza nilitaka kuwakataza. Adinani akanipigia simu. "Dada Mektilda, waache. Kumtukana mtani vizuri lazima ujue babu yake alipita wapi na alifanya nini. Hawa wanatafuta matusi, lakini angalia wanarudi na nini." Alisema kweli. Zuwena huenda kwa bibi yake kuomba silaha za Alhamisi, anarudi na kituo cha msafara ambacho mimi sikukijua.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua. Hakuna umeme, hakuna mtandao. Tumesoma kitabu. Wamepiga miayo.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya misa nilipita kwa Sabiri. Mama yake, Bibi Zamda, alikuwa kibarazani anachambua matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na Zuwena miguuni pake.

"Bibi, mweleze madam ulivyolala njiani."

Bibi Zamda akacheka mpaka akafuta macho. Zamani alikufa Mzaramo mmoja mfanyakazi wa reli, mtu mzito, mwenye jina. Jeneza lilipotoka, yeye akajilaza katikati ya njia. Maiti haiendi, akasema. Huyu mwizi alikula karanga zangu, nani atanilipa? Wafiwa walikuwa wanalia; wakaanza kumtukana, wakaanza kucheka, wakampa kuku. Akainuka, akaenda nao makaburini, akalia kuliko wote.

"Asipokuja mtani," akasema, "msiba unakuwa mzito. Watu wanabaki na kifo chao peke yao."

Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo. Nilifika nchi hii mwaka 1972, nina miaka kumi na mmoja, kwa miguu, nikimfuata mama yangu kutoka Burundi. Nimekulia makazi ya Ulyankulu, nimesomea hapa, nimefundisha hapa, nina uraia. Mama yangu alipokufa walikuja watu wengi na wote walikuwa na adabu. Hakuna kabila lenye utani na wakimbizi.

Jumatano, 12 Februari

Uyoga umejaa barabarani. Nimenunua, nimepika, nimekula peke yangu. Mtamu.

Alhamisi, 13 Februari

Adinani hakuandika kitu darasani leo. Baadaye alinitumia ujumbe wa sauti: kifua kinambana, lakini Juni atapanda treni aje Tabora. "Nataka nione hao wanaonitukana wana sura gani. Na wewe dada, nikuone."

Nilimjibu nitampikia uyoga. Nilisahau kwamba Juni hakuna uyoga.

Alhamisi, 20 Februari

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Kipindi kilianza kama kawaida. Ramani ikawaka. Ujumbe wa kwanza kutoka Pwani ulikuwa huu: "Mwalimu wetu Adinani amefariki alfajiri hii. Anazikwa leo baada ya Alasiri."

Wanafunzi walisimama. Mimi nilitoka. Nilikaa barazani mwa maktaba, maji yanashuka kutoka mabatini, nikalia kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumpa mkono.

Nilipokuwa nje nilisikia ndani vidole kwenye kompyuta, kisha sauti ya msichana mmoja: "Zuwena, wewe!" Nikarudi. Ukutani, kwa herufi kubwa kama bango, ilikuwa imeandikwa:

"Msimzike huyo. Amekufa na deni letu la mzigo. Sisi Wanyamwezi tunakuja kuchukua maiti yetu, tukaiuze Uvinza tupate chumvi. Sanda mvueni, tutafungia tumbaku."

Zuwena alikuwa anaandika huku machozi yanamdondoka kidevuni. Hakunitazama.

Nikanyoosha mkono nifute. Kabla sijafika, ukutani palitokea jina la Adinani, na chini yake maneno kwamba anarekodi sauti. Watoto walipiga kelele.

Ilikuwa sauti ya mzee. "Hii ni simu ya marehemu, mimi ni Shomari, kaka yake. Mwambieni huyo mpagazi wa kike, maiti yetu haibebwi na watu wanaonuka tumbaku. Kama anamtaka aje na kuku wawili. Na aje haraka, njia anaijua, si walikuwa wanapita hapa uchi na meno ya tembo!" Nyuma yake nilisikia msiba: wanawake wanalia, na katikati ya kilio, watu wanacheka. Mmoja akapiga kelele, "Watani wamefika!"

Darasa langu lililia na kucheka pamoja. Ndipo nilipoyaelewa maneno ya Bibi Zamda. Zamani msafara ulichukua miezi mitatu, na wao wamefika msibani kabla ya maziko.

Sikufuta kitu.

Jumamosi, 22 Februari

Mtu amepiga picha ukurasa ule na kuusambaza. Simjui ni nani. Kati ya walimu mia mbili, atajulikanaje? Picha imekatwa chini ya maneno ya Zuwena, kabla ya jibu la Mzee Shomari. Juu yake pameandikwa: "Mwanafunzi wa Tabora atukana maiti ya mwalimu." Jina la Zuwena linasomeka. Sabiri ameonyeshwa na mteja aliyekuja kuchukua karai.

Jumatatu, 24 Februari

Ofisini kwa mkuu.

"Mwalimu Mektilda, kaa." Alikuwa na simu tatu mezani, zote zinatetemeka. "Wilayani wamepiga. Shirika limepiga. Mtu mmoja amenipigia kutoka Mwanza kunitukana, hata simjui."

"Umewaambia ni utani?"

"Mwalimu, mimi ni Msukuma. Watani wangu ni Wazaramo haohao. Nilipomzika mama walinivua kiatu kimoja makaburini, nikarudi nyumbani nachechemea. Unadhani mimi sijui?"

"Basi sema hivyo."

"Niseme kwa nani? Nimwambie afisa elimu kwamba kwetu ruksa kuvua maiti sanda?" Akainamisha kichwa. "Yeye pia anajua. Kila mtu anajua. Lakini picha haina utani, ina maneno tu."

Zuwena amesimamishwa masomo mpaka bodi ya shule ikae.

Nimemheshimu Mathias kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyehangaikia zile kompyuta, akazibeba mwenyewe kutoka stendi mvua ikinyesha. Leo nilimtazama akizima simu moja baada ya nyingine na nikaona anaogopa zaidi kuliko yule mtoto.

Jumanne, 25 Februari

Nimempigia Martha wa shirika. Ana sauti nzuri, ya upole.

"Mama, sheria za jukwaa zinakataza kejeli kwa marehemu."

"Unajua utani, binti yangu?"

"Mama, mimi ni Mnyakyusa. Najua sana."

"Basi?"

"Wafadhili hawajui."

Alhamisi, 27 Februari

Projekta imefungiwa kabatini. Nimefundisha biashara ya masafa marefu kwa chaki. Dawati la Zuwena hakuna aliyelikalia, ingawa liko mahali pakavu.

Jumatano, 5 Machi

Majivu asubuhi kanisani. Majirani zangu wamekwisha kuanza mfungo wao. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekutana, na Ng'ambo mchana imetulia hata nyundo ya Sabiri inagonga kwa uchovu.

Zuwena huja kwangu jioni kusoma. Hana woga hata kidogo. "Madam, wale wa Pwani watakuwa wanasema nimekimbia. Niwekee akiba, nina matusi mapya sita."

"Huoni hatari iliyopo?"

"Si watapiga kelele halafu wataacha? Mzee Shomari mwenyewe alinijibu. Kuku wawili! Bibi anasema ni heshima kubwa, yeye alipewa mmoja."

Ijumaa, 7 Machi

Bodi imekaa. Nilikaribishwa kwa dakika chache kama mtu anayehusika. Niliwasikilizisha sauti ya Mzee Shomari kwenye kishikwambi changu. Wajumbe wawili walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Mwenyekiti akasema sauti ile ni tusi la pili juu ya la kwanza, na afadhali isisikike nje.

Uamuzi: Zuwena atarudi iwapo wafiwa watamsamehe kwa maandishi, palepale jukwaani alipoandika, wote waone. Wasipofanya hivyo hadi shule zitakapofungwa mwisho wa mwezi, atafukuzwa.

Nilitoka nimefurahi. Niliona ni jambo jepesi. Mzee yule alikuwa akicheka, atashindwaje kusamehe?

Jumamosi, 8 Machi

Sabiri alikuja baada ya kufuturu, akasimama mlangoni.

"Mama mwalimu, huyu mtoto hawezi kukaa bure. Shangazi yake Sikonge ana tumbaku ya kufunga. Wakimkubali shuleni nitamrudisha. Wakimkataa atabaki hukohuko."

"Ana mitihani Novemba, Sabiri."

"Naijua. Mimi ndiye niliyemnunulia vitabu." Akaongeza, "Shangazi yake anasema yupo kijana mwenye mabani mawili, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Ameshauliza."

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Mzee Shomari. Nilijieleza, nikatoa pole, nikamsomea uamuzi wa bodi.

"Unataka nimsamehe," akasema.

"Ndiyo, mzee wangu. Mistari miwili tu."

"Amenikosea nini?"

"Hajakukosea."

"Sasa namsameheje?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. "Mwalimu, sikiliza. Mwezi huu nasamehe kila mtu. Mwenye duka amenipunja sukari, nimemsamehe. Jirani mbuzi wake amekula mihogo yangu, nimemsamehe. Lakini mtani hasamehewi, mtani anatozwa. Nikimsamehe yule binti nimesema hakuwa na haki ya kuja msibani kwangu. Nimemfanya mgeni."

"Ni maneno tu, mzee."

"Maneno ndiyo yaliyomleta. Alikuja na nini kingine? Hakuwa na miguu ya kuja kulala njiani." Kisha akauliza, bila ubaya, "Wewe ni kabila gani, mwalimu?"

Nikamwambia.

"Aha," akasema. "Pole."

Miaka hamsini na mitatu nimeulizwa swali hilo. Nimeulizwa na polisi, na makarani, na wenye nyumba. Sijawahi kulijibu nikapewa pole.

Alhamisi, 13 Machi

Zuwena ameondoka na basi la asubuhi. Ameniaga kwa furaha kama anayekwenda likizo. "Madam, nikirudi Alhamisi ya kwanza usimruhusu mtu mwingine kukaa kwenye kompyuta."

Sijamwambia nilichokiomba Pwani. Wala bibi yake sijamwambia. Najua Bibi Zamda angesema nini.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa. Ukuta wa choo umeanguka.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia tena Mzee Shomari. Amesema neno lilelile.

Nimemkasirikia leo. Ni rahisi kulinda mila ukiwa na mila. Mzee huyu ana makaburi ya mababu nyuma ya nyumba. Akisema "kwetu" anajua anaonyesha wapi. Mimi niliacha mengi kwenye njia ya kuja huku: lugha ya bibi yangu, jina la ukoo, mlima. Mama yangu alisema, vua chochote ili mtoto asome. Tukavua. Nimesoma. Sioni kwa nini mtoto wa Sabiri ageuke mke wa mwenye mabani ili utani wa watu usipate doa.

Nimeyaandika haya kwa hasira, nayaacha.

Jumapili, 23 Machi

Mara ya tatu. Sikumsalimia kwa kirefu.

"Mzee Shomari, Zuwena yuko Sikonge anafunga tumbaku. Ijumaa shule zinafungwa na jina lake linafutwa. Kuna mwanamume anamsubiri. Wewe una mila yako, nzima. Mtoto hana shule."

Nilisikia kuku kwake, na mtoto akisoma Kurani kwa sauti.

"Adinani alikupenda sana wewe," akasema baadaye. "Alikuwa akikutaja hapa: dada yangu wa Tabora."

"Basi kwa ajili yake."

"Usinifungie njia kwa maiti ya ndugu yangu, mwalimu. Hiyo ni kazi ya mtani." Alivuta pumzi. "Nitaandika. Mjukuu wangu ataniandikia. Lakini ujue nafanya nini, usije ukasema hukuambiwa."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mara nyingi mno.

Alhamisi, 27 Machi

Saa nne asubuhi, jukwaani, kwa jina la Adinani:

"Sisi ukoo wa marehemu tumemsamehe binti Zuwena wa Tabora kwa maneno yake. Ni mgeni kwetu, hakujua. Tunawashukuru walimu wake. Wasalaam."

Martha ameweka alama ya dole gumba. Mwenyekiti wa bodi amesema ndiyo malezi hayo. Mathias alikuja darasani kunipa mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho. Alisoma ule ujumbe mbele yangu, midomo ikichezacheza, akafika kwenye neno "mgeni" akasimama. Kisha akasema, "Tumemwokoa mtoto." Nikamjibu ndiyo.

Jumatano, 2 Aprili

Mfungo na Idi vimepita. Sabiri ana kazi nyingi, nikajitolea kumfuata Zuwena mwenyewe. Basi hadi Sikonge mjini, kisha bodaboda kwenye njia ya udongo, tukipishana na baiskeli zilizobeba madumu ya asali. Nilimkuta chini ya kibanda cha majani na wanawake wengine, anafunga majani ya tumbaku kwenye mti wa kuanikia. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa ulimbo, havigusi kitu bila kunasa.

"Madam! Shikamoo! Umekuja kununua tumbaku?"

"Marahaba. Umerudishwa shule."

Aliruka. Shangazi yake akapiga vigelegele. Kisha Zuwena akauliza walikubalije, nami nikamshikia simu mbele ya macho, kwa kuwa mikono yake haikufaa.

Alisoma. Nikamwona anarudi juu na kusoma tena.

"Amenisamehe?"

"Ndiyo."

"Nimemkosea nini?"

Nilisema nilichokuwa nimekiandaa njiani, kwamba ilikuwa lazima, bodi ilitaka, ni mistari miwili tu. Alinisikiliza kwa adabu. Wale wanawake walikuwa wameacha kufunga.

"Alisema kuku wawili," akasema Zuwena. "Wote mlisikia alisema kuku wawili."

"Mimi ndiye niliyemwomba aandike."

"Kwamba mimi ni mgeni?"

"Kwamba amekusamehe. Hilo lingine ameliweka mwenyewe."

Mwanamke mzee upande wa pili wa mti, ambaye hakujua habari yote, akasema kwa Kinyamwezi kitu ambacho sikukipata, na Zuwena akamjibu kwa lugha hiyohiyo, kwa sauti ndogo. Wote wakaitazama ardhi. Sikuomba tafsiri.

Njiani kurudi alilala, au alijifanya kulala. Tulipofika Ng'ambo alinisaidia kubeba mfuko wangu hadi mlangoni. Bibi Zamda alikuwa kibarazani. Habari zilikuwa zimemfikia: hakunisalimia, alimwita mjukuu wake ndani na kurudisha mlango.

Jumanne, 8 Aprili

Shule imefunguliwa. Zuwena amekuja kwa wakati, sare safi, nywele zimenyolewa. Mvua inaelekea kuisha. Projekta imetolewa kabatini. Jukwaa lina utaratibu mpya: kila ujumbe unapita kwanza kwa Martha, ukikubalika ndipo unaonekana. Ukikataliwa, haielezwi kwa nini.

Alhamisi, 10 Aprili

Ramani iliwaka ukutani. Kituo cha mwisho alichobandika Adinani bado kipo, na sauti yake ndani yake, sikukigusa.

Darasa la Pwani lina mwalimu mpya. Ujumbe wao ulikuja umepangwa vizuri. "Habari za asubuhi wenzetu wa Tabora." "Tunafurahi kuwaona tena." "Dada Zuwena, pole kwa yaliyotokea. Karibu sana."

Mathias alikuwa amesimama mlangoni, ameridhika. Nilimpa Zuwena kiti. Darasa lote liliinama mbele kumtazama. Alikaa muda, mikono mapajani. Kucha zake bado zina weusi wa tumbaku. Kisha akaandika: "Mmeamka, au tuwaletee magodoro?"

Tukasubiri. Kwanza Martha aukubali. Aliukubali. Tukasubiri tena. Mvulana mmoja nyuma alikuwa amekwisha kuinua kiganja apige meza.

"Tumeamka salama, dada," wakaandika. "Asante kwa kutujali."

Kile kiganja kilishuka taratibu. Zuwena aliitazama ile sentensi ukutani, kisha akasimama ampishe mwenzake kiti, akapita karibu nami.

"Madam," akasema, "wameniambia asante."